Kukisia, kuchora, herufi moja au herufi mbili: ushike njia ipi kwenye mafumbo ya jometri?

Fumbo lenyewe ni hili. Mstatili una mzingo wa sm 54. Urefu wake unazidi mara mbili ya upana kwa sm 3. Tafuta urefu na upana.

Wape watu wanne wanaojua hesabu, uone. Wa kwanza ataanza kujaribu namba kichwani. Wa pili atachukua penseli na kuchora vijiti. Wa tatu ataandika "upana uwe x" hata kabla hajamaliza kusoma. Wa nne atataka x na y, milinganyo miwili, kisha aanze kuondoa herufi moja. Wote watafika kwenye upana wa sm 8 na urefu wa sm 19. Anayebaki njia panda ni yule anayejifunza, au mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani: kati ya hizi nne, ashike ipi?

Nimekaa na watu wengi juu ya hesabu za namna hii, wadogo kwa wakubwa, na ninachokiona mara kwa mara ni kwamba wachache sana hukwamia kwenye aljebra yenyewe. Kujumlisha vitu vya aina moja na kugawanya pande zote mbili wanaweza. Wanakwama mapema zaidi, kwenye sentensi ambayo hawakuisoma vizuri au kwenye umbo ambalo hawakulichora. Kwa hiyo nikizilinganisha njia hizi, naangalia zaidi kila moja inamfanyia nini mtu katika hatua hiyo ya mwanzo.

Vigezo

Nitatumia vinne, vilevile kwa kila njia.

Kasi: kutoka kusoma fumbo hadi kupata jibu ni safari ya muda gani. Namba ngumu: jibu lisipokuwa namba nzima, njia inasimama au inaanguka. Makosa: ukikosea, njia yenyewe itakushtua, au utaondoka na jibu bovu ukiwa umeridhika kabisa. Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine. Na upeo: njia inafika hadi wapi, kutoka mizingo na pembe hadi maeneo na kanuni ya Pythagoras.

1. Kukisia na kurekebisha

Jaribu upana wa sm 10. Urefu unakuwa 2 × 10 + 3 = 23. Mzingo ni 2 × (10 + 23) = 66. Umezidi kwa 12.

Hapa wengi hushuka hadi 9, wakajaribu tena, wakashuka hadi 8, wakapata. Si vibaya. Lakini anayekisia kwa akili hujiuliza kwanza: nikipunguza upana kwa sm 1, nini kinatokea? Urefu unapungua kwa sm 2, kwa kuwa ni mara mbili ya upana na kitu juu. Urefu na upana pamoja vinapungua kwa sm 3, na mzingo, ambao ni mara mbili ya hiyo jumla, unapungua kwa sm 6. Ziada yetu ni 12. Gawa kwa 6, unapata 2. Upana ni 10 − 2 = 8. Kisio moja, rekebisho moja, kazi imekwisha.

Ni njia ya kale mno. Katika karatasi ya mafunjo aliyoinakili mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna swali la kitu ambacho kikijumlishwa na sehemu yake ya saba kinakuwa 19. Ahmes anakisia 7, maana sehemu ya saba ya 7 haisumbui. Anapata 8. Kisha anaikuza ile 7 kwa kiasi kilekile ambacho 8 inahitaji kukuzwa ili ifike 19, na jibu linatoka 16 na sehemu tano za nane. Alijua tangu mwanzo kwamba 7 si jibu, na wala hakujali.

Angalizo moja tu kwa atakayetaka kumwiga Ahmes: kukuza kwa uwiano kunakubali pale ambapo hakuna namba iliyoning'inia pembeni. Kwenye fumbo letu ipo, ile "kwa sm 3". Ukichukua 10 ukazidisha kwa 54 na kugawa kwa 66 utapata karibu 8.18, ambayo si jibu. Kwa mafumbo ya aina yetu tumia tofauti, kama tulivyofanya hapo juu.

Kasi. Namba zikiwa ndogo na nzima, njia hii haina mpinzani. Chukua fumbo jingine: mstatili una eneo la mita za mraba 84, na urefu unazidi upana kwa m 5. Orodhesha jozi zinazozaa 84: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12. Jozi yenye tofauti ya 5 ni 7 na 12. Wakati mwenzako bado anafungua mabano, wewe umeshaweka kalamu chini.

Namba ngumu. Badili 84 iwe 80, usiguse kingine. Jozi ya 5 na 16 ina tofauti ya 11, ya 8 na 10 ina tofauti ya 2. Hakuna jozi ya namba nzima inayokubali. Ukijaribu upana wa 6.7 unapata eneo la 78.39, ukijaribu 6.8 unapata 80.24, na kuanzia hapo ni kuchimba desimali moja baada ya nyingine ukiwa na kikokotoo mkononi. Jibu utalikaribia, ila hutaliandika likiwa kamili.

Makosa. Hapa ndipo kukisia kunapodharauliwa bila haki. Kila kisio ni uhakiki. Umechukua namba, ukaipitisha kwenye masharti yote ya fumbo, ukaona imekubali au imekataa, kwa hiyo si rahisi kuondoka na jibu lisilotimiza masharti uliyoyasoma. Hatari yake iko upande mwingine: unasimama kwenye jibu la kwanza. Mtu ana uzio wa m 40 na anataka kuzungushia bustani ya mstatili inayoegemea ukuta, kwa hiyo anazungushia pande tatu tu. Eneo liwe mita za mraba 150. Anayekisia atajaribu pande mbili fupi za m 5, upande wa tatu utabaki m 30, na 5 × 30 ni 150. Atafurahi. Hatajua kwamba pande mbili za m 15 na wa tatu wa m 10 pia zinatoa 150, na kwamba huenda mwenye bustani angeipenda zaidi hiyo ya pili.

Upeo. Mizingo, pembe, maeneo yenye namba nzima. Zaidi ya hapo ni jasho.

Inamfaa nani: anayeanza kabisa, anayejibu maswali ya kuchagua, na yeyote anayetaka kuhakiki jibu alilolipata kwa njia nyingine.

2. Kuchora na kugawa vipande

Tutofautishe michoro miwili. Upo mchoro wa umbo lenyewe: mstatili, pembetatu, bustani na ukuta wake. Huo nauhesabu kuwa wajibu wa kila mtu, uwe wa njia yoyote. Na upo mchoro wa vipande, ambao ndio njia ninayoizungumzia hapa: kile usichokijua unakichora kama kijiti, na vingine vyote unavichora kwa kukilinganisha na hicho kijiti.

Upana ni kijiti kimoja. Urefu ni vijiti viwili vya ukubwa uleule pamoja na kipande kidogo cha sm 3. Nusu ya mzingo, yaani 27, ni urefu mmoja na upana mmoja. Hesabu kwenye mchoro: vijiti vitatu na kipande cha 3. Toa 3, zinabaki 24. Gawa kwa vijiti vitatu, kila kimoja ni 8. Umefanya aljebra bila kuandika herufi hata moja, na mtoto wa miaka kumi anaweza kukueleza kwa nini ulitoa 3 kabla ya kugawa. Mwenye mlinganyo mara nyingi hukujibu tu kwamba "ndivyo tulivyofundishwa".

Kasi. Kwenye uwiano, ni radi. Pembe za pembetatu zina uwiano wa 2:3:4. Vipande 9 vinafanya nyuzi 180, kila kipande ni nyuzi 20, pembe ni 40, 60 na 80. Pembetatu yenye pande mbili zinazolingana, na pembe ya juu inazidi kila pembe ya chini kwa nyuzi 30: vijiti vitatu na 30 ni 180, kijiti ni 50, na pembe ya juu ni 80. Sijui kwa nini mtu alete x hapo, ila kama mtihani unataka mlinganyo basi aulete.

Namba ngumu. Kijiti hakiogopi sehemu. Vijiti vitatu vikiwa 25, kimoja ni 8 na theluthi moja, basi.

Makosa. Mchoro huokoa watu pale ambapo maneno yanateleza. Mfano ninaoupenda ni wa fremu. Picha ina upana wa sm 20 na urefu wa sm 30. Imezungushiwa fremu yenye unene ulio sawa pande zote, na picha pamoja na fremu vina eneo la sentimita za mraba 1,064. Unene wa fremu ni kiasi gani? Asiyechora anaandika (20 + x)(30 + x) = 1,064, anafanya kazi safi hatua kwa hatua, anapata x = 8. Namba nzima, nzuri, inayong'aa. Akihakiki, 28 × 38 ni 1,064 kweli. Na amekosa. Ukichora tu, unaona fremu iko kushoto na kulia, juu na chini, kwa hiyo kila kipimo kimeongezeka kwa unene mara mbili: (20 + 2x)(30 + 2x). Unene ni sm 4. Aljebra yake haikuwa na kosa hata moja. Mlinganyo ulikuwa wa swali jingine. Hata aliyekisia angeanguka shimo hilohilo kama hakuchora, kwa sababu kisio hupimwa kwa sharti ulivyolielewa.

Mchoro nao una hila yake. Macho yanaamini kinachoonekana. Pembe uliyoichora ikafanana na ya nyuzi 90 utaanza kuitumia kama ya nyuzi 90 ingawa fumbo halikusema hivyo. Andika kwenye mchoro yale uliyopewa tu, na rula iache mkobani.

Upeo. Wengi husema vipande vinaishia kwenye mizingo na pembe, na kwamba eneo likishaingia lazima uhame. Si kweli kabisa. Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9 na ambaye neno aljebra limetokana na al-jabr ya jina la kitabu chake, hakutumia x wala y. Aliandika kila kitu kwa maneno, na akathibitisha kwa michoro. Swali lake maarufu ni la mraba wa kitu ukijumlishwa na vitu kumi kuwa 39. Katika mchoro wake mmojawapo anachukua mraba wa upande usiojulikana, anaubandika mistatili miwili yenye upana wa 5 kwenye pande mbili zinazokutana, na pembeni linabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5. Anaziba pengo hilo kwa 25. Sasa ana mraba mkubwa wa 39 + 25 = 64, upande wake ni 8, na akitoa 5 inabaki 3.

Jaribu mchoro huo kwenye mstatili uliomshinda anayekisia, ule wa eneo la 80. Nusu ya 5 ni 2.5, pengo la pembeni ni 6.25, mraba mkubwa ni 86.25, kipeuo chake cha pili ni karibu 9.29, toa 2.5, upana ni karibu m 6.79. Kwa hiyo kuchora kunafika mbali. Nakubali, hata hivyo, kwamba ukiwa na maswali ishirini mbele yako hutataka kuchora pengo la pembeni mara ishirini.

Inamfaa nani: anayetaka kuelewa kabla ya kukariri, anayemfundisha mwingine, na mtu yeyote mwenye fumbo la uwiano au la pembe.

3. Herufi moja

Upana uwe x. Urefu ni 2x + 3. Mzingo: 2(x + 2x + 3) = 54. Fungua mabano, 6x + 6 = 54, x = 8.

Kasi. Kwa fumbo dogo utatumia muda zaidi kuliko mwenzako anayekisia. Faida ni kwamba muda huo haubadiliki sana fumbo linapokuwa gumu. Ngazi imeegemea ukuta, chini yake iko m 5 kutoka ukutani, na urefu wa ngazi unazidi kimo inachofikia kwa m 1. Kimo kiwe x, ngazi ni x + 1, na kwa kanuni ya Pythagoras (penye pembe ya nyuzi 90, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande nyingine mbili) (x + 1)² = x² + 25. Inaonekana kama mlinganyo wa kipeo cha pili, lakini ukifungua, x² iko pande zote mbili na inajifuta: 2x + 1 = 25, x = 12. Ngazi ni m 13. Kuchora vipande hapa kungekuwa kazi.

Namba ngumu. Haibagui. Ndiyo sababu kubwa ya watu kuhamia huku.

Makosa. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu njia hii ni kama mashine: ukiiingizia sentensi mbovu, itakusagia jibu bovu lililo laini kabisa.

Kosa la kwanza limo katika lugha yetu wenyewe. "Urefu unazidi upana kwa 4" ni x + 4. "Urefu ni upana ukizidishwa kwa 4" ni 4x. Kuzidi ni kujumlisha, kuzidisha ni kufanya mara, na maneno yenyewe ni ndugu wa damu, tena yote mawili yanafuatwa na "kwa". Mtoto akiandika 4x mahali pa x + 4, usimwambie hajui aljebra. Muulize neno lilikuwa lipi. Ninayoyashauri ni kupigia mstari maneno ya namna hii kabla ya kuandika chochote: zidi, zidisha, mara, nusu ya, pungufu. "Pungufu ya mara mbili ya upana kwa 3" nayo huwageuza wengi kichwa chini. Ni 2x − 3. Anayefuata mpangilio wa maneno huishia na 3 − 2x.

La pili ni dogo ila la kuudhi. Urefu huanza na u. Upana huanza na u. Anayependa kutumia herufi ya kwanza ya jina atajikuta na u mbili zisizo sawa kwenye mstari mmoja, na mistari miwili baadaye atazijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja. Tumia x, au hata p kwa upana, mradi uandike pembeni kwa maneno kamili: "x = upana kwa sentimita". Maandishi hayo manne ndiyo yangemzuia yule wa fremu, kwa maana angelazimika kuandika "x = unene wa fremu upande mmoja", na neno "mmoja" lingemshtua.

La tatu: kukipa x kitu kisicho sahihi. Si kosa la kukunyima jibu, ila hukupa kazi ya ziada. Ukisema urefu ndio x, upana unakuwa (x − 3) gawa kwa 2, na umejitwisha sehemu bila sababu. Kile ambacho vingine vinaelezwa kwa kulinganishwa nacho ndicho kiwe x. Hapa ni upana.

La nne: kuacha kazi mlangoni. x = 8, mstari chini, jibu. Lakini swali liliuliza urefu pia. Rudi kwenye sentensi ya mwisho ya fumbo kila mara.

Na kuna hili la majibu mawili. Ule mstatili wa eneo la 84 ukiufanya kwa herufi utapata 7 na −12. Upana hasi haupo, utupe. Ila usijizoeshe kutupa bila kuangalia. Bustani ya ukutani inatoa x² − 20x + 75 = 0, majibu ni 5 na 15, na yote mawili ni bustani halali.

Upeo. Karibu kila fumbo la jometri la ngazi za mwanzo na kati.

Inamfaa nani: anayejiandaa kwa mitihani inayodai njia ionekane, anayeendelea na hesabu mbele, na anayekutana na vipimo vya desimali.

4. Herufi mbili

Urefu uwe x, upana uwe y. (Mazoea ya kuzitumia herufi za mwisho wa alfabeti kwa visivyojulikana yalitoka kwa Descartes, mwanahisabati Mfaransa, katika kazi yake ya jometri ya mwaka 1637.) Sentensi ya kwanza ya fumbo inakuwa x + y = 27, ya pili inakuwa x = 2y + 3. Weka ya pili ndani ya ya kwanza: 3y + 3 = 27. Na hapo umerudi kwenye herufi moja. Kwa fumbo letu la mwanzo, nasema wazi, ni kuzunguka mlima ili ufike nyumba ya jirani.

Sasa ona hili. Mstatili una mzingo wa sm 54. Ukipunguza urefu kwa sm 4 na kuongeza upana kwa sm 5, eneo linaongezeka kwa sentimita za mraba 43. Hakuna sentensi inayoulinganisha urefu na upana moja kwa moja. Kwa herufi mbili unatafsiri tu kila sentensi ilivyo: x + y = 27, na (x − 4)(y + 5) − xy = 43. Fungua mabano, xy inajifuta, unabaki na 5x − 4y = 63. Badala ya x weka 27 − y: 135 − 9y = 63, y = 8, x = 19. Ni mstatili wetu uleule.

Kasi. Kwa mafumbo mepesi ni ya mwisho. Kwa yenye sentensi nyingi huwa ya kwanza, kwa sababu kichwa hakibebi mzigo. Kila sentensi inakuwa mlinganyo, basi.

Namba ngumu. Sawa na herufi moja.

Makosa. Kutafsiri sentensi moja moja kunapunguza makosa ya lugha. Mapya yanaingia kwenye kuondoa herufi, hasa alama za kutoa zinazopotea mbele ya mabano. Halafu kuna mtego wa taarifa inayojirudia. Ukipewa mzingo wa 54, kisha ukaambiwa jumla ya urefu na upana ni 27, hujapewa kitu cha pili. Utaondoa herufi na kufika 0 = 0, ukadhani umekosea mahali. Hukukosea, fumbo halitoshi.

Upeo na anayefaa: inafika mahali pale pale kama herufi moja, kwa njia pana zaidi. Imfae anayeimudu tayari herufi moja na anayeona kutafsiri ndiko kunakomchosha.

Kulingana na hali yako

Mtoto hajawahi kuona x. Anza na vijiti, na mwache akisie. Herufi isubiri hadi siku achoke kuchora vijiti vile vile na aulize kama kuna njia fupi.

Mtihani wa kuchagua jibu. Majibu manne uliyopewa ni makisio manne ya bure. Yarudishe kwenye fumbo moja moja. Mara nyingi la pili au la tatu litakubali kabla hujaandika mlinganyo.

Mtihani unaotoa alama kwa njia. Herufi moja, ukiwa umeandika x ni nini. Ukishapata jibu, hakiki kwa kulirudisha kwenye maneno ya fumbo badala ya mlinganyo. Aliyehakiki fremu kwenye mlinganyo alijidanganya mara mbili.

Fumbo la pembe au uwiano: vipande. Fumbo la eneo lenye namba nzima ndogo: jozi za namba kwanza, ukipata sekunde ishirini bila mafanikio hamia kwenye herufi. Fumbo la eneo ambapo huenda majibu ni mawili: herufi tangu mwanzo.

Fumbo lenye "ukiongeza hiki na kupunguza kile": herufi mbili, hata kama unazichukia.

Mtu mzima uliyesahau aljebra yote na mtoto anakusubiri mezani. Usianze kwa kutafuta kanuni. Chora umbo, kisha chukua kisio lolote, tuseme upana wa 10, na uandike hesabu yake yote bila kuifupisha, huku 10 zikiwa bado zinaonekana: 2 × (10 + 2 × 10 + 3) = 66. Ulitaka 54, si 66, kwa hiyo 10 si jibu. Sasa futa kila 10 kwenye mstari huo na uweke x, kisha mahali pa 66 andika 54. Mlinganyo uliokuwa unautafuta ndio huo, na mtoto ameona ulikotoka.